Ufunguo wa Sanduku Uko kwa Nani?

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa waendeshaji wa vituo na klabu za vijana. Baadhi yenu mliokosa kufika mmeniomba niiweke yote, basi hii hapa. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha, na vicheko mtajijazia wenyewe.

Ndugu mwenyekiti, wawezeshaji wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mliokaa safu ya nyuma kabisa kama watu wanaojiandaa kutoroka: habari za asubuhi. Itifaki naomba ihesabiwe kuwa imezingatiwa, maana nimepewa dakika chache na mwenyekiti ana kadi nyekundu mkononi. Ana miaka 17 na hana mzaha. Nimeshamwona akimkalisha mtu.

Nianze na sanduku.

Katika kituo kimoja nilichofanya kazi miaka ya nyuma palikuwa na sanduku la maoni. La mbao, limepakwa rangi ya buluu, lina mwanya juu na kufuli dogo pembeni. Lilitundikwa karibu na mlango. Wageni wakija, tuliwapeleka hapo kwanza. "Hapa ndipo kijana anaposikika," tuliwaambia. Tulilipiga picha, picha ikaingia kwenye ripoti ya mwaka. Mwaka uliofuata ikaingia tena, ile ile.

Siku moja tunahamisha vitu, sanduku likadondoka, na kwa mlio wake tukajua kuna kitu ndani. Ufunguo uko wapi? Nikasema anao katibu. Katibu akasema alimwachia mtangulizi wangu. Mtangulizi wangu alikuwa ameondoka zamani na shukrani zetu zote. Tukachukua bisibisi, tukang'oa bawaba.

Ndani mlikuwa na karatasi 17.

Moja iliandikwa hivi: "Kikao cha Jumamosi kisogezwe hadi saa kumi. Saa nane tunakuwa bado na kazi nyumbani." Ilikuwa na tarehe. Ilikuwa imekaa mle miaka miwili. Sasa sikilizeni vizuri: kwa miaka hiyo miwili, mimi na wenzangu tulikuwa tukikaa kila Jumamosi saa nane, viti vitupu mbele yetu, tukisikitika kwamba vijana wa siku hizi hawajali muda!

Nyingine iliomba taa ya nyuma ya jengo itengenezwe, kwa sababu wasichana wanaogopa kupita pale jioni. Nyingine ilikuwa ya matusi, na aliyetukanwa ni mimi. Na moja haikuwa na neno hata moja. Mtu aliikunja mara nne, kwa uangalifu, akaitumbukiza tupu.

Ile tupu ninayo mpaka leo.

Leo nimekuja na swali moja tu, na nitalirudia hadi mnichoke. Hapo ulipo, kwenye klabu yako, kituo chako, kikundi chako cha maigizo, timu yako: ufunguo uko kwa nani?

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Mwaka 1974 wataalamu wa elimu Philip Coombs na Manzoor Ahmed waliieleza elimu nje ya mfumo rasmi kuwa ni mafunzo yaliyopangwa, yanayoendeshwa nje ya ngazi za shule, kwa ajili ya kundi fulani la watu. Maelezo hayo yanatosha, sitayaongezea. Ni sisi hao. Hatuna kengele, hatuna mtihani, na cheti chetu, kama kipo, hakimpi mtu kazi. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi ni kile kipande cha ulimwengu kilichojitolea kumfunza kijana mapema, kabla ulimwengu wenyewe haujamfikia na fimbo yake.

Lakini tuna kitu kimoja ambacho shule haina. Kijana akichoka nasi, haji. Basi. Hatumpelekei barua mzazi, hatumwandiki mtoro. Miguu yake ndiyo kura yake ya kwanza, na huipiga kimya kimya. Wengi wetu tunaona jambo hili ni udhaifu wa kazi yetu. Mimi nasema ndilo jambo bora tulilo nalo, kwa sababu linatulazimisha kuuliza swali ambalo mwalimu wa darasani anaweza kumaliza miaka 30 bila kuliuliza: huyu amekuja kufanya nini hapa?

Swali hilo lina historia, na naomba mnivumilie niisimulie, kwa kuwa ni nzuri.

Mwaka 1844, huko Rødding, Denmark, ilifunguliwa shule ya ajabu kidogo. Ilitokana na mawazo ya mchungaji na mshairi aliyeitwa N.F.S. Grundtvig. Aliona kijana wa mkulima anahitaji mahali pa kukaa na wenzake, wazungumze, waimbe, wabishane kuhusu nchi yao, kisha arudi nyumbani akiwa mtu anayejua kusimama mbele ya watu. Shule za namna hiyo zikaenea. Zipo hadi leo, na hadi leo hazina mtihani. Wazo likasafiri. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilianzisha vyuo vya maendeleo ya wananchi mwaka 1975 kwa kuchota kwenye kisima hicho hicho. Na kabla ya hapo, kijana mmoja Mmarekani, Myles Horton, alikwenda Denmark kuziona shule hizo kwa macho yake. Aliporudi, mwaka 1932, yeye na wenzake wakaanzisha shule ya Highlander kwenye milima ya Tennessee.

Miaka 20 na kitu baadaye, akafika Highlander mtu mmoja anaitwa Esau Jenkins, kutoka Johns Island, South Carolina. Jenkins aliendesha basi. Asubuhi alibeba watu wa kisiwani kwenda kazini mjini, na njiani, basi likienda, aliwafundisha kusoma katiba. Kwa nini katiba? Kwa sababu mtu mweusi akitaka kujiandikisha kupiga kura, aliwekewa kipande cha katiba mbele yake, akaambiwa: soma. Asiyejua kusoma akarudishwa nyumbani. Jenkins akaomba msaada wa kupata darasa lenyewe.

Septima Clark, mwalimu aliyekuwa akifanya kazi na Highlander, na Horton wakatafuta mtu wa kufundisha. Hapa ndipo ninapowapenda. Walimtaka mtu ambaye si mwalimu. Wakamchagua Bernice Robinson, msusi. Sababu moja ilikuwa ya busara tu: wateja wake walikuwa watu weusi wenzake, kwa hiyo hakuna bosi mweupe ambaye angeweza kumfukuza kazi. Sababu ya pili ndiyo yetu leo. Waliogopa kwamba mwalimu wa kawaida angekuja na mazoea yake ya darasani, akawafanya watu wazima watoto.

Darasa lilianza Januari 1957, kwenye chumba cha nyuma. Chumba cha mbele kilikuwa duka la ushirika, na duka lilisaidia kuficha kinachoendelea nyuma. Walikuja watu 14. Robinson alikuwa amebeba vifaa vya kufundishia watoto wa shule ya msingi, akaona mara moja havifai, akaviweka kando. Akawaambia yeye si mwalimu, watajifunza pamoja. Kisha akawauliza wanataka nini.

Mnadhani walisema katiba? Walitaka kuandika majina yao. Walitaka kusoma Biblia. Walitaka kujaza fomu ya kutuma pesa na fomu ya kuagiza bidhaa, wasimpelekee tena mtu mwingine siri zao. Basi akaanza hapo hapo. Wengine walishika penseli kwa nguvu hadi ikavunjika. Na ukutani akabandika Tamko la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, akawaambia kwamba mwisho wa mafunzo anataka kila mmoja aweze kulisoma lile.

Angalieni alichofanya msusi huyu. Hakuwaachia tu waseme wanachotaka, akakaa. Yeye naye alikuwa na lake, akalitundika ukutani mahali kila mtu analiona. Hakulificha ndani ya mchezo wa kuchangamsha kikao. Mkubwa mwenye nia iliyo wazi hamdhuru kijana. Tunaodhuru ni sisi tunaojifanya hatuna nia, kisha tunawazungusha vijana saa tatu wakibandika vikaratasi vya rangi ukutani hadi wafike pale tulipokwisha kuandika kwenye pendekezo la mradi.

(Hapa watu walicheka. Baadhi walicheka kwa taabu.)

Mtasema wale walikuwa watu wazima. Haya. Miaka saba baadaye, kiangazi cha 1964, jimbo la Mississippi, zilifunguliwa zaidi ya shule 40 za namna hiyo kwa ajili ya vijana weusi, zikaitwa Shule za Uhuru. Nyingine makanisani, nyingine chini ya miti. Hakuna aliyelazimishwa kuja. Mtaala wake ulijengwa juu ya maswali, na moja linanikaa kichwani: sisi tuna nini ambacho tungependa kubaki nacho? Mpeni swali hilo kijana ambaye maisha yake yote ameambiwa anachopungukiwa, kisha nyamazeni mkamsikilize. Mwezi Agosti mwaka huo, wajumbe wa shule hizo wakakutana mji wa Meridian, wakaandika wenyewe madai yao, makazi, afya, shule. Hakuna mtu aliyewaandikia.

Naona mwenyekiti anaitazama saa. Nasogea.

Sasa nimguse mkubwa mwenyewe. Mimi, wewe, mwenye kituo. Hapa nitasimama zaidi, kwa sababu ndipo pananiuma.

Mwaka 1912, mjini Warsaw, daktari wa watoto na mwandishi Janusz Korczak alianza kuongoza nyumba ya watoto yatima wa Kiyahudi. Humo waliunda mahakama. Mahakimu walikuwa watoto, watano, wakichaguliwa kwa kura ya bahati kutoka kwa wale ambao wiki hiyo hawakuwa na kesi. Mtoto yeyote aliweza kumshtaki mwenzake, na aliweza kumshtaki mkubwa. Mahakama ilikuwa na sheria zake zilizoandikwa, na mpangilio wake unastaajabisha: kifungu cha 1 hadi cha 99 ni vya kusamehe. Tisini na tisa! Ilitakiwa upite njia zote hizo za kusamehe ndipo ufike kifungu cha 100, ambacho kinasema tu kwamba fulani alitenda kosa. Kutoka hapo vinaruka mia mia, hadi cha 1000, ambacho ni kufukuzwa.

Sasa, ndani ya nusu mwaka, Korczak alijipeleka mwenyewe mbele ya mahakama hiyo mara tano. Alimpiga mvulana kofi la sikio. Alimtoa mtoto kwenye bweni. Alimsimamisha mwingine kwenye kona. Alimtukana hakimu. Alimshuku msichana kwa wizi. Daktari, mtu mzima, jina lake linajulikana mji mzima, anakaa kusubiri watoto wamwamulie.

Baadaye aliandika kwamba kesi hizo ndizo zilizomfunza kuwa mlezi anayetawaliwa na katiba. Na akaeleza maana yake kwa maneno ambayo ningependa kila mmoja wetu ayachukue: mlezi wa namna hiyo hawaonei watoto, na hawaonei si kwa sababu anawapenda, bali kwa sababu kipo chombo kinachowalinda dhidi ya ubabe wake.

Nirudie? Nirudie. Si kwa sababu anawapenda.

Ndugu zangu, sisi tunawapenda sana vijana wetu. Ndiyo sentensi ya kwanza ya kila mwezeshaji akijitambulisha. Nami nilikuwa nikiwapenda miaka ile miwili sanduku lilipokuwa limefungwa. Upendo wangu haukuwasaidia kitu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wala kikao wala kanuni ambayo ingeweza kuniambia, "Wewe, lete ufunguo." Kijana anayetegemea wema wangu yuko salama hadi siku nitakapoamka vibaya.

Wengi mnajua mwisho wa Korczak. Agosti 1942 Wanazi waliwachukua watoto wale, takriban 200, kuwapeleka kambi ya mauaji ya Treblinka. Alikuwa amepewa nafasi za kujiokoa, akazikataa, akaenda nao. Kisa hicho husimuliwa sana, na kinastahili. Lakini naona tunakisimulia mno kiasi cha kuisahau ile mahakama, labda kwa sababu kufa kishujaa hatutaombwa kamwe, ila kushtakiwa na mtoto wa miaka 12 tunaweza kuombwa kesho asubuhi.

Je, kituoni kwako kijana akikushtaki, anakushtaki wapi?

Wako watakaonijibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Nina ugomvi na methali hii. Samaki aliyekunjwa mbichi hukauka hivyo hivyo. Nani amewahi kumwona akijikunjua siku ya uchaguzi?

Na wako watakaoniambia, "Mbona sisi tunashirikisha?" Mtafiti Roger Hart aliandika mwaka 1992 kuhusu ngazi ya ushiriki wa watoto, yenye vidato vinane. Vidato vitatu vya chini, alisema, si ushiriki hata kidogo: mtoto kutumiwa, mtoto kuwa pambo, mtoto kuwekwa kwa jina tu. Yule kijana aliyevalishwa fulana ya mradi, akapandishwa jukwaani kusoma hotuba aliyoandikiwa na ofisa, akapigiwa makofi na kurudishwa kitini kabla ya maswali: yuko kidato gani? Mnamjua. Wengine mlikuwa yeye. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, haukuishia kusema mtoto atoe maoni. Ulisema maoni hayo yapewe uzito unaostahili, kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Uzito, ndugu zangu. Sanduku letu lilipokea maoni vizuri kabisa.

Sasa niwageukie vijana, maana naona mnafurahia sana wazee wakisemwa.

Tulipokwisha kulivunja sanduku, tulianzisha baraza. Kila mmoja kura moja, wawezeshaji nao kura moja moja. Nilijiona nimefika. Jambo la kwanza kubwa lililoletwa lilikuwa matumizi ya ukumbi saa za jioni, kwa kuwa wavulana walitaka mazoezi na wasichana walitaka ngoma yao. Wavulana 23, wasichana 9. Tukapiga kura. Mnajua matokeo. Mwezi uliofuata wasichana wakaleta hoja tena, ikapigiwa kura, wakashindwa. Mara ya tatu, hivyo hivyo. Utaratibu haukuwa na doa: akidi imetimia, mikono imehesabiwa mara mbili, muhtasari umesainiwa.

Mara ya nne hawakuleta hoja. Nikadhani wameridhika.

Nilikuja kugundua kwenye daftari la mahudhurio, nikitafuta jambo jingine kabisa. Kwenye safu ya majina yao palikuwa na viboksi vitupu, wiki ya kwanza vitatu, kisha sita, kisha vyote. Walikuwa wamepiga ile kura nyingine, ya miguu. Na wale wavulana, vijana wazuri kabisa, hawakuwa wamefanya hila yoyote. Walinyoosha mikono tu.

Kwa hiyo msinielewe kwamba demokrasia ni kuhesabu mikono. Iliwachukua baraza vikao viwili vikali kukubali kwamba kuna mambo hayapigiwi kura. Wakaandika kanuni fupi, imebandikwa ukutani: muda wa ukumbi unagawanywa sawa, na wingi hauwezi kuubadilisha. Kijana aliyeiandika ndiye aliyekuwa ameongoza kampeni ya mazoezi. Nilimwuliza nini kilimgeuza. Akasema dada yake ameacha kuja. Si falsafa ya Grundtvig, lakini naipokea. Wasichana sita walirudi. Watatu hawakurudi hadi leo, na siwalaumu.

La mwisho ni pesa. Nitasema wazi: mahali ambapo vijana wanaamua kila kitu isipokuwa pesa, hawaamui kitu. Wataamua rangi ya bango.

Wapo waliothubutu zaidi yetu. Mwaka 1989 mji wa Porto Alegre, Brazili, ulianza kuwaachia wakazi waamue sehemu ya bajeti. Wazo likaenea duniani, na mwaka 2014 jiji la Boston, Marekani, likatenga dola milioni 1 na kuwapa vijana wa miaka 12 hadi 25. Walipendekeza, wakachambua, wakapiga kura. Walichagua kukarabati viwanja vya michezo, kompyuta za shule za sekondari, kuta za sanaa, njia za waenda kwa miguu, na kamera za ulinzi kwenye bustani moja. Ile ya kamera, mimi nisingeikisia kamwe. Kijana anajua ni bustani ipi inaogopesha saa ngapi. Nilikuwa na karatasi iliyoniambia jambo kama hilo kuhusu taa, nikaifungia sandukuni.

Sisi hatukuwa na dola milioni. Tulikuwa na fungu dogo la miezi mitatu, nikalikabidhi baraza lote. Walichagua mweka hazina, msichana wa miaka 16, mkimya, anaandika namba kwa mwandiko mdogo kama mchwa. Baraza likaamua kununua spika kubwa. Mimi nilijua ni kosa. Niliongea mara moja kikaoni, kwa kura yangu moja, nikashindwa, nikakaa. Usiku sikulala vizuri.

Spika ilinunuliwa kwa mtu wa kwanza waliyekutana naye, ikalia siku nne. Ya tano ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Fungu lote limekwisha, hata kalamu za kuandikia kikao hakuna. Simu zikaanza kunijia kutoka juu: kwa nini uliwaruhusu? Nilikuwa na jibu zuri sana ambalo sikulipata hadi wiki mbili baadaye.

Kikao kilichofuata kilidumu saa tatu. Nilikaa pembeni. Kwanza walitafuta wa kumlaumu, wakampata, kisha akajitetea vizuri wakamwachia. Ndipo yule mweka hazina akafungua daftari, akauliza kwa sauti ambayo ilibidi tuinamie: nani aliuliza bei mahali pengine? Kimya. Nani aliuliza kama ina dhamana? Kimya. Akapendekeza kanuni: kitu chochote cha bei kubwa hakinunuliwi bila bei za maduka matatu, kwa maandishi. Ikapita bila mtu kupinga.

Nimehudhuria mafunzo mengi ya usimamizi wa fedha, mengine na posho juu, na sikumbuki hata moja lililonifunza kitu hicho kwa namna ambayo sikukisahau.

Maana mwaka mmoja baadaye nilihitaji projekta. Haraka. Kulikuwa na wageni, na mnajua tunavyokuwa wageni wakija. Nilikuwa nimepata moja nzuri, muuzaji ninamfahamu, bei haina shida. Nikampelekea mweka hazina hati asaini. Akaisoma yote. Akaniuliza, "Bei za maduka mawili mengine ziko wapi, mwalimu?" Nikamweleza kuhusu wageni. Akasikiliza kwa heshima zote, akanirudishia karatasi bila saini, akaendelea na hesabu zake.

Nilikasirika, sitawadanganya. Nilisimama pale mlangoni muda, karibu na mahali lilipokuwa sanduku. Kisha nikatoka kwenda kutafuta bei. Wageni walikuja, wakatazama picha kwenye simu, wakipokezana.

Jumanne nikarudi na karatasi tatu. Akazipanga mezani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akaniuliza kwa nini ya pili haina muhuri.